Mfumo Ukikosa Kuhesabu Ulichofuta, Usiniite Mimi Muongo

Wasee, leo sina stori ya kuwachekesha. Nina msimamo mmoja na nitausema mapema, ndio hata ukiwa na haraka uondoke nao. Mfumo wowote unaoshika maisha ya watu, iwe ni maksi za chuo, michango ya chama, deni la mkopo ama faili ya kliniki, lazima uhesabu kila mstari unaofutwa ndani yake. Na hiyo hesabu ifanywe na databesi yenyewe, isiachiwe mtu. Kama haifanyiki, siku rekodi yako ikipotea utabaki ukibishana na skrini. Na hapa kwetu, kijana akibishana na skrini, skrini ndiyo huaminiwa.

Najua kuna mtu ashaanza kupitisha kidole akisema haya ni mambo ya watu wa kompyuta. Ngoja kidogo. Hii inakuhusu hata kama kompyuta pekee unayoijua ni ile ya saiba unayoprintia barua za kuomba kazi. Jina lako liko kwenye databesi kibao saa hii unaposoma, na karibu zote hujawahi kuziona.

Tuanze na msingi, polepole.

Databesi ni majedwali. Jedwali ni kama daftari la mweka hazina wa chama: juu kumeandikwa jina, tarehe na kiasi, halafu kila mchango unaingia kwa mstari wake. Chukua chama cha watu 30, kila mtu anachanga mara moja kwa mwezi. Mwaka ukiisha kuna mistari 360. Sasa mwanachama nambari 17 amejitoa na mtu anataka kuondoa rekodi zake. Anaandika hivi:

DELETE FROM michango WHERE mwanachama = 17;

DELETE ni futa. WHERE ndiyo inasema futa gani pekee. Hapo mistari 12 inaenda. Lakini mkono ukiteleza, mtu akituma amri kabla hajamaliza kuandika ile sehemu ya WHERE, kinachobaki ni DELETE FROM michango. Databesi haikuulizi "una uhakika?" Inatii tu. Mistari 360 imeenda, na kila mtu amekuwa mgeni kwenye chama chake mwenyewe.

Kitu ambacho watu wengi hawajui ni kwamba databesi huwa imeshahesabu. Ukifuta kwa PostgreSQL, itakujibu DELETE 360. MySQL nayo itakwambia mistari 360 imeguswa. Hesabu iko, imefanywa, na ni sahihi. Shida ni kwamba kwa kawaida inaambiwa mtu mmoja tu: yule aliyebonyeza. Akifunga dirisha lake, hiyo namba imeenda naye. Ni kama stoo ambayo mtu mmoja ndiye anabeba magunia usiku, na asubuhi huyo huyo ndiye anaulizwa yametoka mangapi.

Wacha niwaambie kwa nini hii kitu inanichoma.

Niliacha chuo mwaka wa tatu. Chuo sitakitaja. Kuna masomo matatu nilifanya mtihani, nikakaa kwenye kiti, nikatia sahihi ya mahudhurio, nikatoka nikijua nimeandika kitu. Kwenye mfumo yalitokea yakiwa tupu. Si sifuri, tupu kabisa. Ukifeli unapata namba. Mimi hata kufeli nilinyimwa. Nikaenda idarani, nikatumwa kwa mhadhiri. Mhadhiri akasema yeye aliwasilisha maksi zote. Nikarudi idarani, wakageuza skrini nione: hakuna. Nikatumwa ofisi ingine, huko nikaulizwa kama nina ushahidi nilifanya mtihani. Hiyo ilikuwa miezi minne. Mwisho nikaambiwa suluhisho ni kuyarudia hayo masomo na kuyalipia upya. Mamangu anauza mboga. Nilipiga hesabu ya karo, nikapiga hesabu ya miaka, nikatoka.

Sasa sikiza vizuri, kwa sababu sisemi kwamba maksi zangu zilifutwa. Inawezekana ziliingizwa halafu zikafutwa. Inawezekana pia hazikuwahi kuingizwa. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa, na kwenye lile jengo lote hakukuwa na mtu aliyeweza kuyatofautisha. Mfumo wenyewe haukuweza. Mstari uliofutwa na mstari ambao haukuwahi kuwepo, ukiviangalia kwa skrini, vinafanana: vyote ni nafasi tupu.

Lakini kungekuwa na jedwali lingine dogo pembeni, linaloandika tarehe, saa, jedwali lililoguswa, mistari mingapi imefutwa na akaunti gani imefuta, hiyo kesi ingeisha kabla chai haijapoa. Kama mstari kama huo uko, mhadhiri amesema ukweli na kuna mtu wa kuulizwa maswali. Kama hauko, basi maksi hazikuingia, na mhadhiri arudi kwa karatasi zake. Vyovyote vile, mwanafunzi si mshukiwa tena. Ukiuliza comrade yeyote wa chuo cha Kenya kuhusu maksi zilizopotea, atakwambia stori, yake ama ya rafiki yake. Na karibu kila hiyo stori inafika mahali pamoja, pale ambapo anayetakiwa kuthibitisha ni yule asiye na uwezo wa kuingia kwenye mfumo.

Hilo jedwali dogo hujazwa na kitu kinaitwa triga. Triga ni amri unayoipanda ndani ya databesi na kuiambia: mtu yeyote akifuta kitu hapa, wewe amka ufanye hivi. Haijali kama anayefuta ametumia apu, ametumia tovuti, ama ameingia moja kwa moja saa nane usiku na neno la siri la msimamizi. Amri ya DELETE ikifika kwenye jedwali, triga inaamka.

Lakini usikimbie kuipanda bado, kwa sababu hapa ndipo watu wengi, hata wale wenye digrii ukutani, huanguka.

Databesi huamsha triga kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kwa kila mstari. Hii ni kama makanga amesimama mlangoni mwa matatu, anahesabu abiria mmoja mmoja wakishuka. Anakuona wewe, anaona begi lako, lakini wakati huo hajui nyuma yako wako wangapi. Njia ya pili ni kwa kila amri. Hii ni kama karani wa sako aliye stendi: hajali mlango, anangoja gari literemshe watu wote, halafu anapokea orodha nzima mara moja. Huyu wa pili ndiye anaweza kusema, "Wameshuka 14." Makanga anaweza kufika huko pia, lakini lazima awe na mahali pa kuweka hesabu kutoka mtu mmoja hadi mwingine.

Balaa huanza mtu akiandika triga ya stendi akidhani ni ya mlangoni. Chukua SQL Server ya Microsoft. Hapo triga huamka mara moja tu kwa amri, na mistari yote iliyofutwa inawekwa kwenye jedwali la muda linaloitwa deleted. Mtu anaandika triga yake: chukua nambari ya mwanafunzi kutoka deleted, iandike kwenye daftari la ukaguzi. Anajaribu kwa kufuta mwanafunzi mmoja. Inafanya poa. Anapiga picha, anapeleka kwa bosi, analipwa. Siku moja mtu mwingine anafuta wanafunzi 200 kwa amri moja. Triga inaamka mara moja, inashika nambari moja kati ya hizo 200, inaandika mstari mmoja, inarudi kulala. Ukienda kukagua, daftari linakwambia kwa ujasiri kabisa: amefutwa mmoja. Wale 199 hawako kwenye maksi na hawako kwenye daftari.

Hiyo kwangu ni mbaya kuliko kukosa triga kabisa. Bila triga, angalau kila mtu anajua hakuna shahidi. Ukiwa na triga mbovu una shahidi wa uongo mwenye mhuri, na wewe uliyepoteza maksi sasa unapingwa na mashine inayoonekana imehesabu.

Dawa yake ni fupi. Usichukue mstari mmoja kutoka deleted. Hesabu wote: SELECT COUNT(*) FROM deleted. Basi.

Kuna wale watakwambia kuna njia ya mkato inaitwa @@ROWCOUNT, ambayo inakupa idadi ya mistari iliyoguswa na amri iliyopita. Ni kweli, ukiisoma mara tu triga inapoanza utapata namba ya waliofutwa. Lakini @@ROWCOUNT ni kama mlinzi wa geti anayekumbuka jambo la mwisho pekee. Ukimsalimia kwanza kabla ya kumuuliza nani ameingia, ashasahau. Hata ule mstari SET NOCOUNT ON, ambao watu huuweka juu kabisa ya triga kwa mazoea, unairudisha namba kuwa 0. Na kama aliyefuta alitumia amri ya MERGE, ambayo inaweza kuongeza, kubadilisha na kufuta kwa pamoja, hiyo namba inakuwa jumla ya vyote. Utaandika "wamefutwa 500" kumbe 490 waliongezwa tu. Kwa hivyo wachana na mkato, hesabu jedwali lenyewe.

MySQL ni tofauti, na ndiyo wengi wetu tunaanza nayo kwa sababu ukinunua nafasi ya tovuti ya bei ya chini, hiyo ama ndugu yake MariaDB ndiyo unapewa, na WordPress inakaa juu yake. MySQL ina makanga pekee. Kila triga yake ni ya kwa kila mstari. Karani wa stendi hayuko. Ukitaka jumla, una njia mbili. Unaweza kuweka kihesabio, ile ya @idadi, kila mstari ukifutwa kinaongezeka kwa 1. Ila ujue kihesabio hicho kinaishi muda wote muunganisho wako uko wazi. Usipokirudisha kuwa sifuri kabla ya kila amri, ya jana inajumlishwa na ya leo. Njia ya pili, na ndiyo mimi napenda, ni kuwanyima watu ruhusa ya kufuta moja kwa moja kabisa. Unawaandikia utaratibu mmoja uliohifadhiwa ndani ya databesi. Ndani yake unafuta, papo hapo unasoma ROW_COUNT(), unaiandika kwenye daftari. Anayetaka kufuta apitie hapo.

SQLite, ile ndogo inayokaa ndani ya simu za Android, nayo pia ina makanga tu.

PostgreSQL ndiyo ina wote wawili, na ni ya bure. Tangu toleo la 10 lililotoka 2017, unaweza kuiambia triga ya kwa kila amri ikupe orodha nzima ya waliofutwa kama jedwali, na ulipe jina unalotaka. Nitaiweka hapa yote, nakili ukajaribu:

CREATE FUNCTION hesabu_waliofutwa() RETURNS trigger AS $$
DECLARE
  jumla bigint;
BEGIN
  SELECT count(*) INTO jumla FROM waliofutwa;
  IF jumla > 50 THEN
    RAISE EXCEPTION 'Unafuta mistari %. Simama kwanza.', jumla;
  END IF;
  INSERT INTO daftari (jedwali, idadi, akaunti, saa)
  VALUES (TG_TABLE_NAME, jumla, session_user, now());
  RETURN NULL;
END;
$$ LANGUAGE plpgsql;

CREATE TRIGGER shahidi
AFTER DELETE ON maksi
REFERENCING OLD TABLE AS waliofutwa
FOR EACH STATEMENT
EXECUTE FUNCTION hesabu_waliofutwa();

Jedwali la maksi na lile la daftari utengeneze kwanza wewe mwenyewe. Na kama toleo lako ni la 10 kamili, andika EXECUTE PROCEDURE pale mwisho.

Isome hata kama hujawahi kuandika amri maishani. Inahesabu waliofutwa. Wakizidi 50, inakataa, na kufuta kote kunarudishwa kana kwamba hakukutokea. Wakiwa 50 ama chini, inaruhusu lakini inaandika. Ile 50 si namba takatifu, chagua yako. Kwa chama cha watu 30 wanaochanga kila mwezi, 12 inatosha, kwa sababu hiyo ni mwaka mzima wa mtu mmoja. Kwa chuo, jiulize ni lini mtu angekuwa na sababu halali ya kufuta maksi za darasa zima kwa amri moja.

Na mjanja atasema: nitafuta 49, halafu 49, halafu 49. Sawa, futa. Kila mara daftari linaandika, na mistari mitatu ya 49 iliyofuatana kwa dakika moja inaongea yenyewe.

Kuna mambo mawili uyashike hapo. La kwanza, akaunti inayofuta maksi ipewe ruhusa ya kuongeza mistari kwenye daftari, isipewe ya kufuta wala kubadilisha. La pili, ile session_user inaandika akaunti ya databesi. Mifumo mingi huunganisha wafanyakazi wote kwa akaunti moja, kwa hivyo daftari litasema "aliyefuta ni mfumo." Hiyo ni sawa na kuambiwa aliyechukua pesa ni ofisi. Kila mtu anayeweza kufuta awe na akaunti yake, ama apu ipeleke jina lake hadi kwenye databesi. Bila hiyo una idadi lakini huna mtu wa kuuliza.

Sasa tujibu wanaopinga, kwa sababu wako na wengine wana hoja.

Wa kwanza anasema triga zinapunguza kasi. Kweli, kuna kazi inaongezeka. Lakini tunazungumza kuhusu kufuta, si kusoma. Kwenye mfumo wa maksi ama michango, watu husoma siku nzima na kufuta mara chache. Ukihisi uzito wa triga kwenye kufuta, swali langu ni moja: kwani mnafuta nini sana hivyo?

Wa pili anasema hesabu ifanywe kwenye apu. Apu ni mlango mmoja. Maksi zikibadilishwa kwa njia chafu, hakuna mjinga atapitia mlango wenye kamera.

Wa tatu anasema usifute kabisa, weka alama tu kwamba mstari umefutwa na uufiche. Hapo nakubaliana naye kabisa kwa vitu kama maksi. Lakini kuweka alama pia ni amri, na mtu anaweza kuweka alama kwa watu 5,000 kwa mara moja. Hesabu hiyo pia.

Wa nne ndiye mzuri kuliko wote. Anasema kuweka kumbukumbu ya vilivyofutwa kunavunja haki ya mtu kusahaulika. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 hapa Kenya inakupa haki ya kutaka data ya uongo ama ya kupotosha kukuhusu ifutwe, na data ambayo hawana tena ruhusa ya kuishika. Kama kila kitu kikifutwa kinanakiliwa pembeni, basi hakijafutwa. Ndiyo maana mimi napigania idadi, si nakala. Idadi haina jina la mtu, haina namba ya simu, haina ugonjwa wa mtu. "Mistari 3, jedwali la maksi, saa nane na dakika kumi usiku" haimvui mtu nguo. Inatunza faragha ya aliyefutwa na inamweka wazi aliyefuta.

Kama bado unadhani hii ni shida ya vimifumo vya mtaani, angalia kilichotokea kwa wakubwa. Tarehe 5 Aprili 2022, Atlassian, kampuni ya Australia inayotengeneza Jira, iliendesha skripti ya kuondoa programu moja ya zamani kutoka kwa wateja. Orodha waliyoipa skripti ilikuwa na nambari za tovuti nzima za wateja badala ya nambari za hiyo programu. Mfumo ukatii. Kwa dakika 23, tovuti 883 za wateja 775 zilifutwa, na wengine walikaa hadi siku 14 kabla ya kurudishiwa. Hiyo haikuwa triga wala jedwali moja, lakini swali ni lilelile. Siku hiyo idadi ya tovuti zilizopaswa kufutwa ilikuwa 0. Kitu chochote ndani ya mfumo kingehesabu tovuti na kukataa kupita 0, ama hata kupita 5, dakika 23 zingekuwa sekunde. Na angalia hesabu inahitajika wapi: kwenye kile kinachofutwa kwa kweli. Orodha ilikuwa na majina 883 na kazi 883 zilifanyika, kwa hivyo kwa macho ya skripti kila kitu kilikuwa sawa.

Sitaki pia kuwauzia triga kama dawa ya mganga. Ina mipaka. Kuna amri inaitwa TRUNCATE, inamwaga jedwali lote mara moja, na kwa SQL Server na MySQL triga ya kufuta haiamki kabisa ikipita. PostgreSQL inakuruhusu kuweka triga maalum ya TRUNCATE, lakini haikupi orodha ya walioenda. Lazima uhesabu jedwali kabla halijamwagwa. Kwa hivyo ruhusa ya TRUNCATE ishikwe na watu wachache sana. Halafu msimamizi mkuu anaweza kuizima triga yenyewe. Na kuna kufuta ambako databesi haikuoni kabisa: tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa GitLab akijaribu kurekebisha shida usiku alifuta faili za databesi kwenye seva isiyo yenyewe, na data ya takriban saa sita ikapotea kwa sababu njia zao za bekapu hazikuwa zinafanya kazi walivyodhani. Faili zikifutwa kutoka chini hivyo, triga nayo inafutwa pamoja na nyumba. Bekapu inabaki kuwa bekapu, na ijaribiwe.

Lakini kuwa na mipaka si sababu ya kukosa. Mlango wa keja yako unaweza kuvunjwa na bado unaufunga.

Sasa wewe ambaye huandiki amri zozote, kazi yako ni gani? Kuuliza. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zinazoshikwa na Serikali, na haki ya kutaka habari za uongo ama za kupotosha zinazomhusu zirekebishwe ama zifutwe. Chuo cha umma ni cha umma. Kwa hivyo ukiambiwa "mfumo hauonyeshi," usiondoke na hiyo. Uliza kwa maandishi, upate nakala iliyopigwa mhuri: Je, kuna kumbukumbu ya mistari iliyofutwa kwenye jedwali la maksi muhula huu? Nani ana ruhusa ya kufuta? Kila mmoja anatumia akaunti yake ama wote wanatumia moja? Haya maswali hayahitaji digrii ya kompyuta. Muulize hata mweka hazina wa chama aliyehamisha daftari kuingia kwa apu ya binamu yake. Muulize kwa heshima, lakini muulize leo, wakati hakuna kitu kimepotea. Ukingoja kipotee, utaonekana unatafuta njia ya kukwepa deni.

Na wewe unayeandika, awe umejifunzia darasani ama umejifunzia sakafuni na bando la usiku kama mimi: ukikabidhi mfumo wenye majina ya watu, jaribu kufuta mistari miwili kwa amri moja kabla ya kuuita umekamilika. Miwili tu. Halafu ufungue daftari lako la ukaguzi. Likisema 2, uko sawa. Likisema 1, rudi ukae chini, kwa sababu siku moja mtoto wa mtu atasimama mbele ya hiyo skrini akijitetea, na kitu pekee kitakachoweza kumtetea ni ile namba uliyoiandika vibaya.